Maombi ya utafiti baada ya uzamivu, anthropolojia ya nishati na tabianchi: andiko liweje?

Mgeni_Uwandani:
Wakuu, naomba msaada. Kuna nafasi ya utafiti baada ya uzamivu katika anthropolojia ya nishati na tabianchi, mkataba wa miezi 24, ndani ya mradi wenye wahandisi na wataalamu wa modeli za kukokotoa nishati. Wanataka barua ya kurasa 2 na andiko la kurasa 5. Mada niliyonayo ni "jamii na mpito wa nishati safi". Andiko lijikite wapi, muda ugawanyweje, na wahandisi wanategemea nini kutoka kwa mwanaanthropolojia?

NguzoTatu:
Hiyo bado haijawa mada, ndugu. Jamii ipi, na mpito huo unaonekana wapi kwa macho? Chagua kitu kimoja kinachoshikika: mita ya kulipia kabla, transfoma ya mtaa, betri ya sola iliyochoka, mkataba wa ardhi ya mitambo ya upepo. Kisha uliza kinapita mikononi mwa nani, nani anakilipia, nani anakitengeneza kikiharibika, nani ana mamlaka ya kukikata. Mwanaanthropolojia Michael Degani aliufuata umeme wa Dar es Salaam kupitia wakaguzi, mafundi na vishoka (mafundi wasio rasmi), na humo humo akaieleza dola, yaani mamlaka ya nchi. Wenzake Cymene Howe na Dominic Boyer waliushika upepo wa Tehuantepec, Mexico, ukawafikisha kwenye ugomvi wa ardhi. Msomaji akimaliza ukurasa wa kwanza awe ameshajua unasimama wapi na unamtazama nani.

Nadharia, aya moja inatosha. Wengi huanza na makala ya mwanaanthropolojia Leslie White ya 1943, kwamba utamaduni hukua kadiri nishati ya kila mtu kwa mwaka inavyoongezeka, na kabla hawajafika kwenye swali lao kurasa zimekwisha. Ukimtaja Timothy Mitchell, mwandishi wa Carbon Democracy, mtaje kwa sababu hoja yake inakufanyia kazi: makaa ya mawe yalipita njia chache zenye wafanyakazi wengi, ndiyo maana migomo yao iliweza kuibana serikali, mafuta hupita kwenye mabomba na meli, mikono michache inatosha. Sasa uliza: kwenye sola, nani anaweza kuzima? Mtambo wa mkopo huzimwa kwa mbali malipo yakichelewa. Hilo tayari ni swali la utafiti, na ni lako.

Neno "tabianchi" nalo usilitwishe mzigo lisiouweza. Bwawa likishuka na umeme ukakatika, huenda ni ukame, lakini pia kuna tope bwawani, matengenezo yaliyoahirishwa, laini iliyozidiwa. Andika kwamba utalinganisha kumbukumbu za kina cha maji na za kukatika kwa umeme, tarehe kwa tarehe, ndipo usikilize watu wanavyoieleza sababu.

Daftari:
Kuhusu muda: miezi 24 ni michache kuliko inavyosomeka. Idhini ya maadili na kibali cha utafiti vinaweza kula miezi 3 hadi 6, na kabla havijatoka huruhusiwi kuhoji mtu. Kipindi hicho peleka makala mbili kutoka kwenye tasnifu, kwa sababu mapitio ya jarida moja yanaweza kufika mwaka, na utaanza kuomba kazi nyingine mkataba huu haujaisha. Uwandani weka miezi 9, ukiigawa mara mbili ili uone kiangazi na masika. Matumizi ya nishati ya msimu mmoja hayakwambii ya msimu mwingine.

Bajeti nyingi huanguka kwenye unukuzi. Saa 1 ya sauti huchukua saa 4 hadi 6 kuiandika. Mahojiano 40 ya saa moja moja ni saa 160 hadi 240, yaani wiki 4 hadi 6 za kazi ya kutwa, na tafsiri bado. Tenga fedha za mnukuzi, naye asaini ahadi ya usiri.

Ukiandaa pia maombi ya Marie Skłodowska-Curie, ufadhili wa watafiti wa Umoja wa Ulaya, kagua kanuni ya uhamaji kwanza: usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi mwenyeji zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya tarehe ya mwisho.

Mita_Kumi:
Wahandisi mara nyingi hutarajia uwaambie kama watu "wataukubali" mtambo. Ukikubali kazi hiyo pekee, umegeuka mpiga debe. Sema mapema utawakabidhi nini: kwa mfano shajara za matumizi za kaya 30, zenye kifaa, wati, saa na aliyeamua kuwasha. Birika la wati 2,000 kwa dakika 5 ni takriban uniti 0.17, feni ya wati 50 kwa saa 10 ni uniti 0.5. Lakini nyumbani lawama huangukia birika, na pengine kwa aliyeliwasha. Modeli inahesabu uniti, nawe unaeleza kwa nini watu wanabana kifaa kisichokula umeme mwingi.

Nisisitize maadili, maana hapa watu huumizwa. Picha ya mita inaonekana haina madhara, kumbe namba iliyo usoni pake imefungwa kwa jina na nyumba, na faili la picha linaweza kubeba alama za mahali ilipopigwa. Kama waya umepitishwa pembeni ya mita ili umeme usihesabiwe, umemkabidhi mwenye nyumba kwa wakaguzi. Zima utambuzi wa mahali kwenye kamera, funika namba kabla ya kuhifadhi, na orodha ya majina halisi ikae mbali na daftari, ikiwa imefungwa kwa nenosiri.

Mgeni_Uwandani:
Asanteni sana. Kampuni ya umeme ikitaka kusoma kabla sijachapisha?

Mita_Kumi:
Wape haki ya kusahihisha makosa ya kweli na kuondoa siri za kibiashara, ndani ya siku 30, kwa maandishi. Haki ya kuzuia chapisho usiitoe, na nakala za mahojiano ya wateja au wafanyakazi wao wasizione kabisa. Makubaliano hayo yasainiwe kabla hujakanyaga kituo chao cha kupozea umeme. Ukishaingia, huna tena la kuwadai.