Mnaosaka makasha ya jiokashingi mkiwa wawili, njooni tupeane uzoefu

Mwanzisha mada

Wakuu, habari zenu. Mimi na mke wangu tumetafuta kwa muda mrefu kitu cha kufanya pamoja wikendi, kitu ambacho wote wawili tunakipenda, si mmoja kukipenda na mwingine kumsindikiza. Tumeangukia kwenye jiokashingi na tumenogewa.

Kwa ambaye hajawahi kuisikia: mtu anaficha kasha mahali, anachukua kodineti zake za GPS, yaani namba za setilaiti zinazoonyesha mahali lilipo, na kuziweka kwenye tovuti. Wengine wanafuata namba hizo hadi eneo lenyewe, wanalisaka, na wakilipata wanaandika jina na tarehe kwenye karatasi iliyomo ndani, kisha wanalirudisha palepale. Mchezo ulianza mwaka 2000. Mwanzoni mwa Mei mwaka huo serikali ya Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS ya raia, na vipokezi vilivyokuwa vikikosea hata kwa mita 100 vikaanza kumfikisha mtu karibu kabisa na anapokwenda. Tarehe 3 Mei Dave Ulmer akaficha ndoo karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza kodineti zake kwenye kundi la intaneti la wapenzi wa GPS, na sharti likawa moja: chukua kitu, acha kitu. Siku chache baadaye Mike Teague alikuwa ameshaifikia. Leo kuna makasha zaidi ya milioni 3 duniani, na huenda lipo moja karibu na unaposomea hapa.

Letu la kwanza lilikuwa kichupa cha filamu ya kamera chenye sumaku, kimenata chini ya benchi la chuma. Mke wangu ndiye aliyepitisha vidole chini ya benchi, polepole, toka mwanzo hadi mwisho, akasimama ghafla na kunitazama. Sijui nani kati yetu alicheka kwanza.

Sasa tunataka kujua kwenu mliotangulia: simu anashika nani? Mnafungua akaunti moja au mbili? Na mkilikosa kasha, mnajuaje kwamba muda wa kuondoka umefika? Wenza hasa ndio nawaita, ila ndugu, marafiki, mzazi na mtoto, wote karibuni.

Nyayo Mbili

Hongereni sana. Mimi na mume wangu tuna miaka kadhaa kwenye mchezo huu, na swali lako la simu ndilo lililo la msingi kuliko yote. Simu ipokezaneni. Mmoja akiishika siku nzima, mwingine anageuka abiria.

Ila jambo kubwa zaidi ni kujua wakati wa kuiweka mfukoni. Mahali pa wazi simu hukosea kama mita 5 hivi. Chini ya miti minene au katikati ya majengo marefu inakosea zaidi, kwa sababu mawimbi ya setilaiti yanagonga kuta na kurudi kabla ya kuifikia. Kwa hiyo mshale unapoonyesha mita 2, halafu 9, halafu nyuma yako, haijaharibika. Imefika mwisho wa uwezo wake. Sisi zikibaki mita 10 tunaizima skrini. Mmoja anasimama pale tunapodhani ndipo, mwingine anazunguka, kisha tunabadilishana.

Hapo kwenye kubadilishana ndipo nimemjua mume wangu upya. Yeye ni mrefu, anaangalia juu: matawi, vichwa vya nguzo, nyuma ya vibao. Mimi naangalia chini, na ninachotafuta ni kile kisichostahili kuwepo. Boliti iliyo peke yake na haishiki chochote. Jiwe moja lisilo na ukungu wakati yote yanayolizunguka yana ukungu. Vijiti vilivyolala sambamba, maana upepo hauvilazi hivyo. Kuna siku tulisimama kwenye uzio wa mbao tukahesabu vichwa vya misumari, yeye kutoka kushoto, mimi kutoka kulia. Tulipokutana katikati msumari mmoja ulikuwa mnene kidogo. Akauzungusha, ukafunguka. Ndani mlikuwa na kikaratasi kimeviringishwa, chembamba kama njiti ya kiberiti.

Angalizo moja la kiufundi: kodineti za mchezo huu huandikwa kwa digrii na dakika zenye desimali (dakika hapa si ya saa, ni sehemu moja ya 60 ya digrii). Sehemu moja ya elfu ya dakika ya latitudo ni mita 1.85 hivi, lakini dakika nzima ni kilomita 1.85. Tarakimu moja tu ikiandikwa vibaya mnaweza kujikuta mtaa mwingine. Tukiziingiza kwa mkono, mmoja anasoma, mwingine anaandika na kurudia kwa sauti.

Kokoto

Nakazia hapo kwa Nyayo Mbili. Nyongeza yangu ni fupi: kila kasha lina alama mbili, ya ugumu wa kulipata na ya ugumu wa njia, kuanzia 1 hadi 5. Anzeni na 1.5 kwa 1.5, tena chagueni lenye ukubwa wa kawaida, si yale madogo sana. Na angalieni ripoti za karibuni. Kama waliopita wote wamelikosa, liacheni kwanza.

Mti Mkavu

Nichangie la lini kuondoka, maana huku kwangu ndipo tulipotofautiana sana. Mke wangu hakubali kushindwa. Mimi nikishaona giza linaingia na mbu wameanza, moyo unakuwa nyumbani.

Tukaweka makubaliano. Yeyote akisema "tuondoke", mwenzake anapewa dakika 10 za mwisho, na katika dakika hizo anayetaka kuondoka anatafuta kwa bidii kama mwenzake, haendi kukaa pembeni na kuguna. Zikiisha, tunaondoka wote bila manung'uniko njiani. Kanuni hii imetuokoa sana. Kinachoumiza mara nyingi si kulikosa kasha, ni ile hali ya mmoja kuinama kwenye majani huku mwingine amesimama na mikono kiunoni.

Halafu andikeni kwamba mmelikosa. Wageni wengi wanaona aibu kuliandika hilo kwenye tovuti, na mimi nalipigania kila nikipata nafasi. Kuna kasha tulilitafuta kwenye kisiki kando ya kijito hadi tukakata tamaa. Mke wangu akaandika ripoti nzuri yenye maelezo: tumeangalia wapi, maji yalifika wapi, kisiki kimeoza upande gani. Mwenye kasha akaenda kukagua, akakuta limesombwa na maji. Akaweka jipya pa juu zaidi na kutuandikia ujumbe wa shukrani. Tuliporudi tukalipata ndani ya muda mfupi, na ukurasa wa kwanza wa daftari ulikuwa mweupe ukitusubiri sisi. Mke wangu aliandika jina kwa mwandiko mkubwa kuliko ninaoufahamu.

Mwanzisha mada

Mti Mkavu, hiyo ya dakika 10 naichukua kama ilivyo. Swali jingine: mke wangu ana tatizo la goti, kuna siku hawezi kutembea sana. Mnafanyaje?

Dira

Mkuu, pole kwa shemeji. Hili nalijua vizuri kwa sababu mume wangu anatumia kiti cha magurudumu.

Tafuteni makasha yenye alama ya njia 1. Hiyo maana yake ni kwamba kiti cha magurudumu kinafika, kwa hiyo na goti baya linafika. Hata hivyo msiiamini namba peke yake. Someni maelezo yote na mtazame picha ya setilaiti ya eneo kabla ya kutoka, kwa sababu anayeficha huwa anapima kwa miguu yake mwenyewe. Mimi huwaandikia wenye makasha kuuliza kama kuna ngazi au changarawe, na wengi hujibu kwa moyo mkunjufu.

Pia kuna makasha ya mafumbo. Kodineti zinazoonekana kwenye ramani si zenyewe. Unatatua fumbo nyumbani, jibu linakupa mahali halisi. Jioni zetu nyingi za mvua zimepita hivyo. Mume wangu ana kipaji cha herufi zilizofichwa: anaangalia aya ndefu, ananiambia "soma herufi ya kwanza ya kila mstari", na kweli namba zinatokea. Mimi nashika hesabu na ramani. Siku tukienda kulichukua kasha lenyewe, kazi kubwa tumeshaimaliza mezani, na tumeifanya sawa kwa sawa.

Na msiache EarthCache. Hizi hazina kasha kabisa. Mnakwenda mahali penye jambo la kijiolojia, mwamba wenye tabaka, chemchemi, nyufa za lava iliyopoa, mnasoma maelezo, mnaangalia kwa macho na kumtumia mwenye ukurasa majibu ya maswali yake. Mara nyingi ziko sehemu zenye njia nzuri za watalii. Mume wangu hukaa mbele ya mwamba mmoja kwa muda mrefu akinieleza kipi kilitangulia na kipi kilifuata, na mimi humpenda zaidi akiwa hivyo. Naandika wazi, sioni haya.

Kamba ya Viatu

Sisi tulianza tukiwa wachumba. Kwenye harusi rafiki yetu akatupa Travel Bug, kile kibati chenye namba ya siri. Ukikiweka ndani ya kasha, msakaji mwingine anakichukua, anakiacha kasha jingine, na kila kituo kinaandikwa mtandaoni. Mwaka 2013 mwanaanga Rick Mastracchio alipanda na kimoja hadi Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Chetu kimevuka mipaka kwa mikono ya watu tusiowajua. Kila tukipata taarifa kwamba kimesogea tunafungua ramani pamoja, hata kama muda mfupi uliopita tulikuwa tumenuniana.

Mkianza kufikiria kuficha kasha lenu, kaeni kwanza mkubaliane nani atakuwa analikagua karatasi zikilowa, kwa sababu kasha ni wajibu wa muda mrefu. Ombeni ruhusa ya mwenye eneo. Msichimbe shimo kulifukia. Msiweke chakula, wanyama watalibomoa. Liwe angalau mita 161 kutoka kasha la mwingine. Na kabla ya kulitangaza, chukueni kodineti siku tofauti, kila mmoja kwa simu yake, halafu mlinganishe.

Kokoto

Kwenye swali la akaunti, ambalo naona limesahaulika: mimi na dada yangu tulianza na moja, tukagawanya baadaye alipohamia mbali. Kazi ikawa kukumbuka nani alikuwepo wapi. Wenza wengi ninaowajua wana akaunti moja yenye jina la pamoja na wanafurahi nayo. Ila kama mmoja wenu husafiri kikazi na atapenda kusaka akiwa huko, fungueni mbili tangu mwanzo. Mkiwa pamoja, kwenye vile vikaratasi vidogo andikeni jina moja mlilokubaliana, kwa kuwa nafasi ni finyu, halafu kila mtu aweke ripoti yake mtandaoni, na kwenye ripoti mtaje jina hilo ili mwenye kasha akikagua karatasi aelewe.