Mrejesho: Uso wangu kukakamaa mbele ya kamera

Wakuu, mtakumbuka niliomba ushauri: nikielekezewa kamera tu taya linakaza, mdomo unapinda, natoka kama mtu aliyeng'ata ndimu. Harusi ya dada imepita Jumamosi hapa Tanga, narudi kushukuru.

Kilichofanya kazi ni kufumba macho, kupuliza pumzi kama farasi mpaka midomo itetemeke, halafu mpiga picha akifika "tatu" nafumbua. Tulikuwa ufukweni Raskazone jioni. Watoto waliokuwa wakiogelea wakaniona natetemesha midomo, wakaangua kicheko, nami nikashindwa kujizuia. Picha hiyo ndiyo mama anataka kuitia fremu!

Aliyenitajia Duchenne, yule daktari Mfaransa aliyeandika mwaka 1862 kwamba tabasamu la kweli huvuta na misuli ya kuzunguka macho, ahsante sana. Niliacha kuilazimisha midomo peke yake.

Mazoezi ya kutabasamu mbele ya kioo mliyonishauri sikuyaweza. Nilizidi kujikagua tu. Na ukumbini nilifeli. Flashi usoni, MC anaita ukoo mzima jukwaani, kufika picha ya tatu taya likarudi kulekule. Ule ushauri wenu mwingine, wa kulaza ulimi nyuma ya meno ya juu, niliusahau kabisa. Shangazi alipoziona picha hizo akauliza, "Mwanangu, nani alikuudhi?"

Wiki ijayo napiga ya pasipoti. Hiyo hata kutabasamu hawataki, kwa hiyo sina presha.