MJADALA: Boti ya uokoaji ya visiwa vyetu, tununue jina, tununue mwendo, au tujenge wenyewe?

Fundi wa mashine, Kirumba

Wakuu, naleta hapa jambo linalozungumzwa mialoni siku hizi. Wenye boti za uvuvi, wafanyabiashara wa dagaa na ndugu zetu wachache walioko nje wamependekeza tuchange tununue boti ya uokoaji kwa ajili ya visiwa vya Ziwa Victoria. Wengi wanataka moja ya nguvu kutoka Marekani, zile za usukani wa katikati zenye mashine tatu za HP 300 nyuma, ikae Mwanza mjini, ikiitwa itoke. Majina yanayotajwa ni Contender, Yellowfin, Boston Whaler na Grady-White. Upande wa pili wanasema tuache ufahari, tujengewe faiba hapa hapa.

Kazi yangu ni mashine za boti na msimamo wangu nauweka mapema: tunabishania chapa kabla ya kukubaliana boti italala wapi.

Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikiwa imebakiza hatua chache kufika gati la Ukara. Watu zaidi ya 220 walikufa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliangukia ziwani ikitaka kutua Bukoba. Ndani walikuwa 43, wakafa 19, na wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi wenye mitumbwi. Ajali zote mbili zilitokea watu wa nchi kavu wakiona kwa macho. Kutoka Mwanza hadi Ukara, ukiizunguka Ukerewe, ni zaidi ya kilomita 70. Hata boti ya noti 45 (noti ni maili ya baharini kwa saa, 45 ni kama kilomita 83 kwa saa) itatumia karibu saa nzima, tena ukimkuta nahodha yupo, tangi limejaa na mashine zimewaka kwa mara ya kwanza. Aliyenasa chini ya chombo kilichopinduka hana saa nzima.

Sasa hizo chapa zenyewe. Kasi mnazoziona kwenye matangazo zimepimwa Florida, usawa wa bahari. Ziwa letu liko mita 1,134 juu. Huku hewa ni nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwa hiyo HP 300 uliyolipia inakuwa 265 au 270. Ukiiacha na propela iliyokuja nayo utaliona tatizo kwenye mshale wa mizunguko: umefungua mafuta yote, mshale umegoma kwenye 5,200 wakati injini ilitakiwa kupita 5,500, pua ya boti imeinuka na haitaki kulala juu ya maji. Injini inalemewa na mafuta yanaliwa bure. Dawa ni kushusha pitchi ya propela, yaani umbali inaoupiga mbele kwa mzunguko mmoja, mara nyingi inchi 2. Boti itanyanyuka vizuri ikiwa na watu, lakini ile kasi ya kwenye karatasi usiitafute tena. Mashine za Mercury Verado za silinda 6 zilizotoka 2004 zilikuwa na kifaa cha kushindilia hewa, ndiyo maana mwinuko haukuzisumbua sana. V8 zao za HP 300 za sasa hazina.

Contender ni boti nzuri, sibishi. Inatengenezwa Homestead, Florida, na V yake ya chini, yaani mwinamo wa tumbo la boti, ni kali, digrii 24 na nusu, hivyo inapasua wimbi ikiwa kwenye mwendo. Lakini V kali ikisimama inalewalewa. Na uokoaji, ndugu zangu, unafanyika boti ikiwa imesimama: watu wanne wameegemea ubavu mmoja wanamvuta mtu aliyelowa, mzito, asiye na nguvu ya kujisaidia, na ubavu wenyewe uko juu. Kabla ya kuuliza inakimbia kiasi gani, uliza kama ina mlango wa ubavuni unaofika karibu na maji. Yellowfin nayo ina ngazi chini ya bodi, yaani mwili wa boti, zinazoingiza hewa ili ipunguze msuguano. Faida yake inaonekana kwenye mwendo mkubwa, mwendo ambao huku utaupata asubuhi ziwa likiwa shwari tu.

Boston Whaler ndiyo inayonivutia. Bodi yake ni ganda la nje na ganda la ndani, katikati limemiminwa povu gumu likashikana na yote mawili. Mwaka 1961 jarida la Life lilichapisha picha za mwanzilishi wake, Dick Fisher, akikaa ndani ya boti inayokatwa kwa msumeno vipande viwili, kisha akaondoka na kipande chenye injini. Kwa boti itakayorundikiwa watu wenye hofu kuliko uwezo wake, hiyo ndiyo sifa ya kulipia. Grady-White nao hujaza povu, na boti zao hutoka na Yamaha, jambo linalotufaa kwa vipuri.

Hata hivyo mimi sitaki boti moja ya mita 10 na zaidi. Nataka mbili au tatu ndogo, mita 7 hadi 8, mashine mbili mbili za HP 115 au 150, zikae visiwani. Karibuni.

Mkazi wa Ukara

Fundi, shikamoo kama umenizidi umri. Umeongea vizuri kuhusu ajali, ila ajali kubwa huja mara moja katika miaka mingi. Sisi tunazungumzia mama aliyeshikwa na uchungu saa nane usiku, zahanati imeshindwa, anatakiwa hospitali kubwa. Wenzetu wa Sengerema wamepata daraja la Kigongo–Busisi, gari la wagonjwa linapita bila kusubiri kivuko. Huku hakuna daraja litakalokuja. Tunamlaza mama kwenye boti ya mbao yenye mashine ya HP 40, tunamfunika turubai, tunakwenda na wimbi. Ukiniambia boti ya noti 45 ni ufahari, mimi sikuelewi.

Fundi wa mashine, Kirumba

Marahaba. Tupige hesabu pamoja, na tuchukue Nansio, mji mkuu wa Ukerewe, hadi Mwanza, karibu kilomita 50. Boti ya mashine tatu ikienda noti 45 itafika kwa dakika 36. Boti ya mashine mbili za HP 150 ikienda noti 27 itafika kwa saa moja. Tofauti ni dakika 24, na sizidharau. Lakini kwa makadirio yangu ile ya kwanza itakula karibu mara mbili ya mafuta ya pili kwa safari hiyo hiyo. Na kama ile kubwa inalala Mwanza, lazima kwanza ije kumfuata mgonjwa. Dakika 36 za kuja, 36 za kurudi, jumla 72. Ndogo iliyolala Nansio imeshamfikisha. Kwa Ukara faida inazidi, maana umbali ni mkubwa zaidi.

Nahodha, njia ya Rubondo

Naongezea kitu ambacho wa nchi kavu hawakioni. Mama wa Ukara anasafirishwa usiku, na dhoruba za ziwa hili ni za usiku. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, mvua inapiga huko. Usiku maji yanabaki na joto, nchi kavu inapoa, upepo unarudi kutoka pande zote na kukutana katikati ya ziwa, ngurumo zinajikusanya hadi alfajiri. Wavuvi wengi wanaopotea hupotea saa hizo.

Na wimbi letu ni fupi, limesimama, linafuatana. Boti haijatua vizuri kwenye la kwanza, la pili limeshafika. Nahodha mwenye mama mjamzito ndani hatakwenda noti 45 kwenye maji hayo, awe na Contender, awe na Freeman, chapa nyingine ya Marekani, ya bodi mbili. Atashusha hadi 18 au 20. Usiku kama huo boti zote zinalingana mwendo, na kinachozitofautisha ni jinsi zinavyotua na kama maji yaliyoingia yanatoka yenyewe. Kwa hiyo V nzuri ya digrii 20 au 21, sitaha iliyo juu ya usawa wa maji yenye matundu ya kutolea, na paa linalomkinga mgonjwa. Boti nyingi za usukani wa kati ziko wazi kwa sababu zilibuniwa kwa wavua samaki. Hilo nalo mlifikirie.

Mashine mbili nakubali kabisa. Gugu maji likiziba tundu la maji ya kupoza, au wavu ukajizungusha kwenye propela gizani, ya pili inakurudisha.

Mjenzi wa faiba, Igombe

Nimesoma nimechoka kunyamaza. Mnataja Florida, Florida, wakati boti za faiba za mafundi wa kanda hii zinafanya kazi ziwani kila siku. Boti ya Marekani ya mita 10 ina upana wa mita 3. Itashushwa Dar es Salaam, ipandishwe lori lenye upana wa mita 2 na nusu, isafiri zaidi ya kilomita 1,100 kwa kibali cha mzigo mpana. Ikigonga jiwe siku ya kwanza, na ziwa hili mnalijua kwa mawe, nani ataiziba? Sisi. Basi tupeni kazi kuanzia mwanzo. Mita 7 na nusu tunamimina, V tunaweka, mlango wa ubavuni tunakata.

Fundi wa mashine, Kirumba

Ndugu yangu, mikono yenu naiheshimu na ningependa fedha hizi zibaki Mwanza. Ila nina swali moja la uhai: povu. Boti nyingi za faiba za hapa nilizofungua chini ya sitaha zina utupu tu, au vipande vya povu jepesi la kufungia televisheni vimesukumiwa humo. Hilo linavunjika, linakaa na petroli likayeyuka. Linalotakiwa ni la dawa mbili zinazochanganywa na kumiminwa, likavimba na kujaza kila pembe, lisilonyonya maji. Halafu lipangwe: likijazwa chini peke yake, boti ikijaa maji itaelea lakini itageuka tumbo juu. Sehemu yake lazima iwe juu, ubavuni na nyuma karibu na mashine, kwa sababu mashine mbili za HP 150 peke yake ni zaidi ya kilo 400.

Mkiweza hilo, kura yangu mnayo mbele ya Boston Whaler. Lakini lijaribiwe hadharani. Ipelekwe Luchelele au hapo kwenu, ifungwe mashine au uzito unaolingana nazo, ijazwe maji hadi juu, wapande watu kumi wenye majaketi okozi. Ikibaki imesimama sawa, tunalipa.

Mjenzi wa faiba, Igombe

Jaribio nakubali. Hiyo dawa ya povu inaagizwa Dar au Nairobi na bei yake si ndogo, msije mkalalamika mkiona hesabu. Na maofisa wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, waitwe siku hiyo, chombo kikaguliwe na kipewe cheti, kisiwe cha maneno ya mitandaoni.

Mama wa dagaa, Mwaloni

Wanangu, nimewasoma wote. Mimi mchango wangu nitatoa. Ninachouliza ni hiki: petroli ya kila mwezi ni ya nani? Nimeona mashine za misaada zimefungwa stoo zikiwa mpya kwa sababu hakuna wa kuweka mafuta. Na ufunguo atakaa nao nani?

Fundi wa mashine, Kirumba

Mama, shikamoo. Hilo ndilo litakaloamua ukubwa wa boti kuliko yote tuliyosema. Mashine moja ya HP 300 ikifunguliwa yote inakunywa kama lita 100 kwa saa. Tatu ni 300. Piga kwa bei ya kituo cha mafuta cha leo uone ni magunia mangapi ya dagaa kwa safari moja. Kisha kila baada ya saa 100 za kazi inataka oili na vichungi, na ikileta hitilafu ya umeme inataka fundi mwenye kompyuta. Yamaha za HP 115 na 150 naweza kukutafutia vipuri kwa haraka, na mafundi wa kuzishika hapa wapo.

Napendekeza kila mzigo wa dagaa na sangara unaotoka kisiwa husika uchangie kiasi kidogo kinachopokelewa na kikundi cha BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) cha mwalo huo, fedha iandikwe ubaoni kila Jumatatu. Ufunguo ukae zahanati, kwa muuguzi wa zamu, kwa kuwa yeye yuko macho saa nane usiku. Mashine ziwashwe kila siku tatu hata kama hakuna safari, petroli isilale ikaharibika.

Nahodha wa Rubondo, naomba utuandikie vipimo vya paa na mahali pa machela, wewe ndiye unayebeba watu. Mjenzi wa Igombe, leta bei ya bodi mbili za mita 7 na nusu, povu likiwa limeandikwa kilo na mahali litakapokaa. Wanaotetea Boston Whaler na Grady-White nao walete bei ya iliyotumika ikiwa imefika Mwanza, ushuru na lori vikiwemo. Tuziweke pamoja hapa watu wazione kabla shilingi ya kwanza haijachangwa.

Mkazi wa Ukara

Nimekubali mbili ndogo, kwa sharti moja: ya kwanza kukamilika ije Ukara.