Nyumba ina mgonjwa wa kisukari na watoto wadogo: niweke asali, sukari guru au vile vidonge vya utamu?

MamaWatatu (Kisauni)

Asalam aleikum na hamjambo nyote. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu maana hapa kwangu tumegawanyika. Baba watoto amepatikana na kisukari mwezi uliopita, daktari amemuanzisha vidonge akamwambia apunguze sukari, basi, hakutueleza tutie nini badala yake. Tuko watu sita, sisi wawili, watoto watatu (mkubwa ana miaka 11 na wa mwisho ana miezi 9) na mamamkwe. Sukari huisha kilo 2 kwa wiki, chai ya maziwa asubuhi, chai tena jioni, uji wa watoto, na mahamri Ijumaa na Jumapili.

Sasa mamamkwe anasema tuhamie asali na guru kwa sababu ni vitu vya asili havina kemikali, na ameshaenda sokoni Kongowea amerudi na guru bonge zima na chupa ya asali. Shemeji yangu naye kaleta vile vidonge vya kutia kwenye chai, kijikopo ukikibofya chatoa kimoja, na vipakiti vya stevia, ule utamu wa majani ya mmea. Mamamkwe hataki hata kuviona mezani, alisikia redioni vyaleta kansa. Mimi ndiye mpishi niko katikati. Jana nimepika chai sufuria tatu, ya guru, ya sukari, na tupu ya baba atie kidonge mwenyewe, na gesi ndiyo hiyo yaisha. Nataka kitu kimoja tutumie nyumba nzima, je kipo?

NesiWaMtaani (Changamwe)

Wa aleikum salam dadangu, poleni na ugonjwa. Niko kliniki ya kisukari mwaka wa saba sasa na hili la asali ndilo linaniuma zaidi, kwa sababu naona watu wanajitahidi kwelikweli, wameacha sukari kabisa, halafu kipimo cha sukari ya damu kinarudi 14, juu mno, na wao hawaelewi kwa nini. Ukiuliza, chai ni ya asali vijiko vitatu. Asali ni sukari. Guru ni sukari, ni juisi ya muwa iliyochemshwa ikagandishwa, ina madini kidogo ndio lakini ni kidogo mno hata hayahesabiki, na damu haiulizi hii imetoka kiwandani au mzingani. Shirika la Afya Duniani linaiweka asali na hata juisi ya matunda kwenye hesabu moja na sukari ya mezani. Mwambie mama kwa heshima, na usimwambie mbele ya watu.

Tupige hesabu ya kilo zako 2. Ni gramu 2000, gawa kwa siku 7 na watu 6, kila mtu anapata kama gramu 47 kwa siku, na kijiko cha chai ni gramu 4, kwa hiyo ni vijiko karibu 12 kila mtu. Na huyo wa miezi 9 bila shaka hamalizi fungu lake, nyinyi wengine ndio mnammalizia. Mtu mzima anatakiwa asizidi gramu 50 hivi na ikiwezekana ashuke hadi 25, watoto chini ya hapo kwa sababu chakula chao chenyewe ni kidogo. Na hapo sijaingiza soda, chupa ya nusu lita peke yake inakaribia gramu 50.

Mtoto mdogo usimtie chochote kwenye uji, si sukari wala stevia wala vidonge. Asali ndiyo kabisa, mpaka apite mwaka mmoja, kwa sababu huwa inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu kwenye tumbo la mtoto mchanga ikamlegeza misuli hata kupumua kukawa shida. Hii si hadithi ya kutishana, tafadhali mfahamishe na bibi yake leo.

Kuhusu kitu kimoja cha nyumba nzima, kipo, nacho ni chai isiyotiwa kitu sufuriani. Sisi huku Pwani sukari tunaipika pamoja na majani na maziwa, kwa hiyo anayetaka kijiko kimoja anapewa vitatu na hana pa kukimbilia. Pika moja, tupu, weka mezani, kila mtu atie kwenye kikombe chake na umuone anatia vingapi.

Kijana wa Likoni

Nesi amesema kweli ila kuhusu kansa naomba niongeze maana babangu anatumia hivyo vidonge na mimi niliogopa sana nikakaa kusoma. Mwezi wa saba 2023 kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kiliiweka aspatemu, moja ya vitamu vya maabara, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, ushahidi wenyewe wakasema ni mchache. Siku hiyohiyo kamati nyingine ya wataalamu ikasema kiwango cha zamani kibaki palepale, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa mtu wa kilo 70 ni kama kopo 9 hadi 14 za soda ya dayeti kila siku. Kwa hiyo mzee na kidonge kimoja chake cha chai hayuko karibu na hapo. Ila piga hesabu hiyohiyo kwa mtoto wa kilo 20, inashuka kopo 3 au 4 tu, na mtoto ukimuachia friji kopo 3 si kitu kwake.

Halafu mwaka huohuo mwezi wa tano Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba watu wasitumie hivi vitamu kwa ajili ya kupunguza uzito, kwa sababu kwa muda mrefu havionekani kusaidia, na stevia imo kwenye orodha pamoja na zile za maabara, kwa hiyo hili neno "asili" lisikudanganye upande wowote. Lakini mwongozo wenyewe unasema hauwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Mimi nilivyoelewa, baba atumie kidogo kama vinamsaidia kuacha sukari, watoto hawana haja navyo.

Geuza pakiti usome. Zile poda za juisi za watoto nilipogeuza moja pale dukani nikakuta sukari NA aspatemu NA asesulfamu (kitamu kingine cha maabara) zote ndani, E951 na E950 ndizo namba zao, zimeandikwa kwa herufi ndogo kama mchwa. Yaani unaweza kukataa kijikopo cha shemeji na watoto wamekunywa jagi zima mchana. Na vile vipakiti vya stevia, angalia kama kuna dekstrosi au maltodekstrini, hizo ni za kujazia na zinapandisha sukari, kipakiti kimoja hakina neno ila usije ukamimina kumi kwenye keki.

Jambo moja la mwisho na ni kubwa. Mwaka jana babangu alishuka sukari usiku, jasho chapachapa, mikono inatetemeka, anaongea maneno hayaeleweki. Ndugu yangu kwa haraka akamkorogea maji na vidonge vyake vya utamu, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na nyumba haikuwa na sukari, tulishaitoa yote. Vile havipandishi chochote. Jirani ndiye aliyetuokoa na sukari yake.

NesiWaMtaani (Changamwe)

Hilo la Likoni liandikeni ukutani. MamaWatatu muulize daktari ni vidonge gani amepewa, metfomini peke yake mara chache sana humshusha mtu, lakini glibenklamaidi na wenzake humshusha hasa akikosa chakula. Chini ya 4 kwenye mashine ya kupima sukari mpe kijiko kikubwa kimoja cha sukari ya kweli au asali kwenye maji, ungoje dakika 15, upime tena. Akiwa hajitambui usimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

BiMahamri (Bondeni)

Mwanangu mimi ni wa jikoni nitasema la jikoni. Usijaribu mahamri kwa hivyo vidonge. Aspatemu ukiitia motoni utamu unapotea, sukralosi, kitamu kingine cha aina hiyo, inavumilia moto lakini hamri haishiki rangi, maana rangi ile nzuri ya hudhurungi ni kazi ya sukari, na unga wenyewe wapungua kwa sababu umetoa kitu cha robo kilo ukatia cha ncha ya kijiko. Kaimati ndio usiseme, shira bila sukari hainati.

Mimi nilipunguza. Nilikuwa natia robo kilo kwa kilo moja ya unga, nikawa naiba kidogokidogo kila wiki mpaka nikafika gramu 150, wateja wangu hakuna aliyenambia kitu. Nilizidisha iliki na tui nikatia zito, la kwanza tupu. Iliki ikinukia ulimi wadhani ni tamu. Uji wa watoto wakubwa ponda tende mbili, ingawa tende nazo zina sukari, moja ndogo ni kama kijiko cha chai, ila angalau watafuna na nyuzi zake. Baba ale hamri moja na mbaazi nyingi, asile nne na chai ya stevia akajiona yuko salama.

Na kahawa tungu je? Wazee wetu hunywa vikombe vitatu pale barazani, tangawizi tupu, haina hata chembe ya sukari na tende moja mkononi. Ulimi wafundishika.

MamaWatatu (Kisauni)

Shukran sana jamani, nimesoma mara mbili, mara ya pili nikamsomea mamamkwe taratibu tukiwa wawili jikoni. Hakusema kitu, ila jioni ameichukua ile asali mwenyewe akaiweka kwenye droo karibu na kitanda cha mwanawe pamoja na kijiko. Vidonge vya baba vya kisukari ni glibenklamaidi na metfomini, nimeangalia kwenye pakiti. Leo chai ilikuwa sufuria moja, tupu. Mkubwa alitia vijiko vinne nikamuona kwa macho yangu, nimemwambia kesho vitatu.

Bi Mahamri, hiyo iliki unatia punje ngapi kwa kilo ya unga, na unaitwanga na maganda au unamenya?