Mzee amekataa mazoezi kabisa, nimshawishi aje?

Bwanangu ana miaka 52, ni gari, kiti, kitanda basi. Nikitaja jim ananiuliza kama nataka kumuua.

Mama Shiko: Wacha kumhubiria dada. Wangu nilimwambia tu anisindikize sokoni kwa miguu, tukaanza pole pole tukipiga stori, saa hii Jumamosi yeye ndiye ananiamsha twende kutembea msitu wa Karura.

Jamaa wa Umoja: Kweli. WHO wanasema dakika 150 kwa wiki, hiyo ni nusu saa siku tano na kutembea haraka haraka kunahesabika, hata apaki gari mbali na ofisi. Kama ana presha aongee na daktari kwanza.

Muulizaji: Sokoni atakubali, shida njiani kuna choma 😂