Naombeni ushauri: nawezaje kuonyesha kwamba MH17, ndege ya abiria ya Malaysia, ilitunguliwa na Buk (kombora linalorushwa kutoka ardhini), si ndege vita?

Mleta uzi: Wakuu, nawasilisha darasani namna wachunguzi walivyotambua kombora lililotungua MH17 mashariki mwa Ukraine, 17 Julai 2014, watu 298 wakafa. Lazima mtu atauliza kama si mizinga ya ndege vita aina ya Su-25. Nianzie wapi?

Bati_na_Rivet: Anzia kwenye matundu mkuu, siasa iache kwanza. Bodi ya Usalama ya Uholanzi, iliyochunguza ajali hiyo, ilihesabu matundu zaidi ya 350 kwenye mabaki ya chumba cha marubani, upana milimita 6 hadi 14. Mzinga wa Su-25 ni wa milimita 30. Halafu yamesongamana upande wa kushoto, wakati kulia hakuna yaliyopigwa kutoka nje. Ila usihukumu kwa tundu moja lililopinda kingo: bati la tabaka mbili hudanganya. Tazama mwelekeo wa matundu mengi kwa pamoja, uone mistari inakutana wapi angani.

Mzee wa Rada: Hapo umenena. Ushahidi mzito kuliko yote ni vile vyuma. Kichwa cha mlipuko cha kombora la Buk kiitwacho 9N314M, kilo 70 hivi, hurusha vipande vya maumbo maalumu, kimojawapo pana pande mbili na chembamba katikati, kama kipepeo. Viwili vya umbo hilo vilipatikana, kimoja ndani ya mwili wa mmoja wa marubani. Wakivikuza kwa darubini wakakuta utando wa kioo cha dirisha la marubani umegandia juu ya chuma. Mtu akidai vilipandikizwa baadaye, muulize kioo hicho kiligandaje. Chuma kilipita dirishani kwa kasi kubwa.

Bati_na_Rivet: Ongeza kinasa sauti. Mwishoni kabisa kuna mshindo wa milisekunde 2.3. Ulifika kwenye maikrofoni kwa kupishana, wakapata kwamba umetoka nje, juu kushoto mwa chumba cha marubani.

Mleta uzi: Na Almaz-Antey, kampuni ya Urusi inayotengeneza Buk, waliopinga ripoti ya Bodi?

Mzee wa Rada: Soma walichopinga hasa. Oktoba 2015 walibishania toleo la kombora na mahali liliporushiwa; kwamba ni Buk walikubali. Suala la nani alihusika liweke slaidi yake, maana Bodi haikutafuta wa kumlaumu. Hiyo ni hukumu ya mahakama ya Uholanzi, 17 Novemba 2022. Na usichanganye majina: 9N314M ni kichwa, kombora lenyewe ni la familia ya 9M38.