Kwa nini Mombo kuna jua huku Soni tumo ndani ya mawingu?

MkulimaWaSoni:
Salamu kwenu nyote. Ninalima viazi na maharagwe karibu na Soni, katika milima ya Usambara Magharibi, na wiki hii ya kipupwe imenichosha. Jumatatu ukungu ulitanda hadi mlangoni na haukuondoka mpaka saa sita mchana. Jumanne mawingu yaliinuka mapema, nikaanika maharagwe kwenye turubai, lakini saa tisa manyunyu yakanifanya niyakusanye mbiombio. Jumatano na Alhamisi hatukuliona jua kabisa, ingawa maji yaliyoingia kwenye ndoo iliyokuwa chini ya mchirizi hayakufika hata robo. Alhamisi hiyo niliteremka Mombo kununua mbolea, nikakuta jua linawaka na watu wamevaa fulana. Nilipogeuka kutazama nilikotoka, niliona mlima umefunikwa na wingu jeupe ambalo upande wake wa chini ulikuwa umenyooka kama uliopigwa randa. Je, mawingu haya hufanyikaje, na kwa nini yanakaa kwetu tu?

MwalimuWaJiografia:
Ndugu, huo upande wa chini ulionyooka ndio jibu la swali lako, kwa hiyo tuanzie hapo.

Katika miezi hii upepo wa kusi huvuma kutoka Bahari ya Hindi ukiwa umebeba mvuke, na mvuke wenyewe hauonekani. Tazama birika linalochemka: karibu kabisa na mdomo wake pana nafasi isiyo na kitu machoni, na weupe huanza mbele kidogo, mahali mvuke unapopoa na kugeuka kuwa vitone. Hewa ya kusi inapofika milimani hulazimika kupanda, na kadiri inavyopanda ndivyo inavyotanuka, kwa sababu kanieneo ya hewa hupungua. Hewa inayotanuka hupoa. Ukibonyeza valvu ya tairi la baiskeli utausikia ubaridi huo kidoleni.

Hewa ambayo bado haina wingu hupoteza takriban nyuzi 10 za Selsiasi kwa kila kilomita inayopanda. Ikipoa hadi kufikia kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke huanza kugeuka kuwa maji, mvuke hushika chembe ndogo za vumbi, moshi au chumvi ya bahari, na wingu huanza. Kwa makadirio, kila nyuzi moja ya tofauti kati ya joto la hewa na kiwango chake cha umande ni kama mita 125 za kupanda. Mombo iko kwenye mwinuko wa mita 400 hivi. Tuseme asubuhi joto la pale ni nyuzi 24 na kiwango cha umande ni 18: tofauti ni 6, yaani mita 750, na wingu litaanzia kwenye mita 1,150. Joto likipanda hadi 27 mchana, wingu litaanzia juu ya mita 1,500, na hata Lushoto mjini, penye mita kama 1,400, patakuwa chini yake. Kwa hiyo ukungu uliokuwa mlangoni pako na wingu uliloliona kutoka Mombo ni kitu kimoja; tofauti ni mahali ulipokuwa umesimama.

MzeeWaShume:
Mwalimu, nakushukuru, lakini sisi tulilelewa tukiambiwa kwamba msitu ndio unaovuta mawingu. Pia ningependa kujua kwa nini mawingu yanayofunika anga siku mbili nzima yanashindwa kutoa mvua ya maana, ilhali Aprili wingu moja tu linatosha kujaza mito.

MwalimuWaJiografia:
Shikamoo, mzee. Wazee hawakukosea kabisa: miti hutoa mvuke kwa njia ya majani, na matawi hukamata vitone vya ukungu vinavyodondoka chini kama mvua. Hata hivyo, sehemu kubwa ya unyevu huu imetoka baharini.

Kuhusu mvua, wakati wa kipupwe mara nyingi juu ya mawingu hukaa tabaka la hewa yenye joto zaidi, nalo huyazuia yasikue kwenda juu kama kifuniko cha sufuria. Wingu hutandaa likabaki jembamba. Inakadiriwa kwamba vitone milioni moja vya wingu ndivyo vinavyofanya tone moja la kawaida la mvua, na ndani ya wingu jembamba havipati nafasi ya kugongana na kuungana vya kutosha, ndiyo maana tunapata manyunyu tu. Mawingu ya masika hukua kilomita nyingi kwenda juu.

MkulimaWaSoni:
Nimeelewa, mwalimu. Limebaki moja: usiku wa kuamkia Ijumaa mawingu yaliondoka na nyota zikaonekana zote, lakini asubuhi tukaamka na baridi kuliko siku zote za wiki, na majani ya viazi yalikuwa yamelowa chepechepe.

MwalimuWaJiografia:
Usiku ardhi hupoteza joto kuelekea angani, na wingu hurudisha sehemu ya joto hilo chini. Wingu lilipoondoka, blanketi liliondoka pia, na majani yakapoa mpaka mvuke ukageuka umande juu yake. Yakague hayo majani mapema: yakilowa kwa saa nyingi siku mfululizo, ule ukungu mwingine, yaani ugonjwa wa bakajani, hupata nafasi.

MkulimaWaSoni:
Nimeshaona madoa ya kahawia kwenye mistari miwili ya bondeni. Kesho naanza kuyang'oa.